Kiboko Aliyetaka Kumshinda Nyati kwa Unyenyekevu

Hodi, wababa!

— Karibu!

Si mimi ninayebisha. Ni hadithi inayobisha. Hodi!

— Hadithi karibu, vua viatu uingie!

Imekuja na njaa!

— Itakula tulichonacho!

Imekuja na vumbi miguuni!

— Tutaiosha!

Haya, mmesema wenyewe kwamba mtaiosha, na mimi nimesikia. Kaeni.

Mnanijua. Mimi ni Mama Tabea, mjane wa katekista. Mwenyekiti wenu, Mzee Lukumbi, huyo aliyeketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, ameniomba nizungumze na wababa juu ya unyenyekevu wa kiongozi. Dakika kumi tu, amesema, maana chakula kinaiva. Mimi kuhubiri sijui. Aliyejua kuhubiri ni marehemu mume wangu, na mnakumbuka jinsi mlivyokuwa mkimsinzilia. Kwa hiyo sitahubiri. Nitasimulia, na atakayesinzia nitamtaja jina.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wanakwenda kanisani na kufika kwa wakati, kulikuwa na mahali panaitwa Bondeni. Na hapo Bondeni kulikuwa na Chama cha Wababa. Na Mwenyekiti wa Chama cha Wababa alikuwa Kiboko.

Kiboko mwili anao. Kiboko sauti anayo. Mdomo ndio usiseme. Akiimba besi, madirisha yanatetemeka, buuuu! Akisema amina, ndege watatu juu ya paa wanasahau walikokuwa wanakwenda. Na kila akisimama kusema neno, alianza hivi: "Mimi mtumishi wenu mnyenyekevu, mdogo kuliko wote..." Kisha anaketi, na kiti kinalia, kwaaa!

Sasa, hapo Bondeni walikuwa na desturi. Kila Sikukuu ya Mavuno waumini walileta kanisani mahindi, maharage na viazi vitamu, yakapikwa makande kwa ajili ya wajane na yatima. Lakini kabla hayajapakuliwa, Mwenyekiti lazima aonje. Desturi ilianza vizuri tu. Kuonja ni kijiko kimoja, kuona kama chumvi imekolea. Ila kijiko cha Kiboko kilikuwa sepetu.

Mwaka mmoja vilipikwa vyungu vitatu. Kiboko akaja na sepetu lake. Akaonja chungu cha kwanza, gubu! "Mmh, sijaelewa." Gubu! "Chumvi kama ipo, kama haipo." Gubu! Gubu! Mpaka sepetu likagonga chini, kwangu-kwangu!

"Ndiyo," akasema, "chumvi ilipungua. Leteni cha pili."

Chungu cha pili, gubu! "Mmh, sijaelewa." Gubu! Gubu! Kwangu-kwangu! "Hiki chumvi ilizidi. Leteni cha tatu."

Chungu cha tatu, gubu! Gubu! Kwangu-kwangu! "Aah! Hiki ndicho kilichokuwa sawasawa."

Kilichokuwa! Wajane wameketi na sahani zao mapajani, sahani nyeupe, kavu. Kiboko akafuta midomo, akawaombea sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa uvumilivu wao. Akasema amina, ndege wakapotea njia. Watu wakarudi nyumbani.

Nani alithubutu kusema? Katibu wa chama alikuwa Pimbi. Mnamjua pimbi, yule wa kwenye mawe, hana mkia, hana kimo, ukimtazama haraka utadhani ni panya aliyeshiba. Yeye alijaribu. Kwenye kikao akainua mkono, akasema, "Mwenyekiti, kuhusu ile desturi ya kuonja..."

Kiboko akasema, "Jambo zito hilo, Katibu. Tuliombee."

Wakaliombea. Mwaka uliofuata likaombewa tena. Lilikuwa ndilo jambo lililoombewa kuliko yote hapo Bondeni.

Kisha ukaja mwaka wa jua kali. Mahindi yakakaukia shambani yakiwa na urefu wa goti. Sikukuu ya Mavuno ikakaribia, mavuno yenyewe hakuna. Watu wakakusanya, wakakusanya, wakapata cha kujaza chungu kimoja tu.

Mama Kanga akaenda kwa Pimbi. Mama Kanga alikuwa mjane, mumewe alichukuliwa na mbweha, akamwachia vifaranga saba. Alikuja nao wote, wamejipanga nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyelia kwi. Ukiona kifaranga halii, ujue njaa imefika mahali pabaya.

"Shemeji Pimbi," akasema, "juzi tulikula majani ya mlenda. Jana tulikunywa maji tuliyochemshia yale majani. Leo tumenusa sufuria."

"Pole, shemeji."

"Pole nimezipata nyingi, nimeshiba. Nakuuliza jambo moja tu. Chungu hicho kimoja, Mwenyekiti atakionja?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Ataonja."

"Basi kama ataonja, niambie mapema, nisiwatembeze watoto bure. Huyu mdogo hana miguu ya kwenda na kurudi."

Pimbi hakulala vizuri baada ya hapo, na alistahili, maana wababa wengine walilala. Akawaza. Nimpige Kiboko? Nitampigia wapi, na kwa mkono upi? Nimsukume? Hata upepo haumsukumi. Nimwambie ukweli? Ataombea. Akawaza mpaka jibu likaja, na lilipokuja akacheka peke yake kama mtu aliyepata barua.

Asubuhi akashuka mtoni. Kiboko amelala majini, masikio tu yako nje.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Katibu. Sema haraka, niko kwenye tafakari."

"Ni kuhusu Baba Askofu. Amethibitisha, atakuja kwenye Sikukuu ya Mavuno."

"Najua. Niandalieni kiti karibu naye."

"Tumeandaa. Ila, Mwenyekiti, nimesikia habari za bonde la pili. Nimesikia mwenyekiti wao, Nyati, aliinama akawaosha wanachama wake miguu, kama Bwana Yesu alivyojifunga taulo akawaosha wanafunzi wake. Nimesikia watu wanasema hakuna kiongozi mnyenyekevu kama Nyati."

Maji yakafanya bwaaa! Kiboko akatoka mzima, mpaka tumbo.

"Nani? Nyati? Nyati mwenye kiburi kile? Nyati anishinde mimi kwa unyenyekevu? Katibu, niambie ukweli wako wote, nani hapa duniani ananishinda mimi kwa unyenyekevu?"

"Sijamwona, Mwenyekiti."

"Hayupo! Andika! Siku ya Sikukuu ya Mavuno, mbele ya Askofu, mimi nitawaosha wanachama wangu miguu."

"Wawili watatu, kwa mfano tu?"

"Wote!"

"Mwenyekiti, usijitese. Labda ule kwanza, ndipo uoshe."

"Nyati alikula kwanza?"

"Sikusikia kama alikula."

"Basi sitaonja hata punje ya hindi mpaka nimemaliza mguu wa mwisho wa mwanachama wa mwisho. Andika! Andika kwa herufi kubwa!"

Pimbi akaandika kwa herufi kubwa. Lakini Kiboko si mjinga wa chakula. Akapiga hesabu. Ngiri miguu minne. Nungunungu minne. Kobe minne, mifupi. Tumbili minne. Pimbi minne. Bundi miwili. Chatu hana, Mungu ambariki Chatu. Jumla, miguu ishirini na miwili. Akatabasamu mpaka pembe za mdomo zikakaribia masikio. Akasema moyoni, "Nitamaliza chungu kikiwa bado kinafuka moshi. Nitapata sifa na makande siku moja."

Alihesabu wanachama wote aliowahi kuwaona kutoka kwenye kiti chake. Na kiti chake kilikuwa kirefu.

Siku ikafika. Askofu Korongo akaja, mweupe, miguu mirefu, anatembea taratibu kama anayeogopa kukanyaga dhambi ya mtu. Kanisa likajaa. Wajane wakaketi kwa nyuma na sahani zao. Mama Kanga alikuwapo na vifaranga saba, yule mdogo amembeba mgongoni. Nje chungu kinachemka, bugu-bugu-bugu, na harufu ya makande inaingia kwa kila dirisha. Hata mahubiri yalikuwa mafupi.

Kiboko akasimama. "Mimi mtumishi wenu mnyenyekevu, mdogo kuliko wote, leo nitafanya jambo ambalo Nyati alijaribu kulifanya. Nitawaosha wanachama wangu wote miguu. Na sitaonja chakula mpaka nimemaliza mguu wa mwisho. Katibu, soma ulichoandika, Askofu asikie."

Pimbi akasoma. Watu wakapiga makofi, pa-pa-pa! Askofu akatikisa kichwa kwa heshima. Kiboko akajifunga taulo kiunoni. Halikutosha, wakaunga na la pili. Akapiga magoti, gu! Sakafu ikaitika. Beseni likaletwa.

Ngiri akaja, chwa-chwa-chwa-chwa, miguu minne tayari. "Mwingine!" Nungunungu akaja, chwa-chwa-chwa-chwa, na miiba miwili ikamwingia Kiboko puani. "Mwingine!" Kobe akaja, ilibidi asubiriwe. "Mwingine!" Tumbili akaja, anacheka kwa mtekenyo. Pimbi akaja. Bundi akaja. Chatu akaja, akanyunyiziwa kwa heshima tu. Miguu ishirini na miwili kwisha!

Kiboko akainuka, akanyoosha mkono. "Lete sepetu!"

Nyuma kule Mama Kanga akafumba macho. Nawaambia, wababa, pale roho inauma. Mama ameshika sahani tupu, na anajua sauti inayofuata ni gubu.

Lakini Pimbi akafungua daftari la wanachama. "Bado mmoja, Mwenyekiti."

"Mmoja nani?"

"Mwanachama namba tisa."

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Simwoni."

"Tazama chini, Mwenyekiti."

Akatazama chini. "Simwoni."

"Chini zaidi."

"Chini zaidi ni sakafu!"

"Hapo hapo, Mwenyekiti. Chini ya benchi la mwisho."

Ndipo likasikika tiriri-riri-riri, tiriri-riri-riri, na kutoka chini ya benchi akaja Mzee Jongoo. Anatembea polepole, mweusi, anang'aa mgongoni, na chini yake miguu inapishana kama nywele zinazochanwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema Jongoo.

"Ma... marahaba. Wewe ni mgeni?"

"Hapana, Mwenyekiti. Huu mwaka wa kumi na moja niko kwenye chama. Mimi ndiye ninayefagia chini ya kiti chako kila Jumamosi."

Kiboko akauliza kwa sauti ndogo, ile ambayo hakuwahi kuitumia, "Mzee, miguu yako ni... mingapi?"

"Mia mbili na arobaini. Ilikuwa zaidi, ila mingine uliikanyaga."

Tumbili akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Kiboko akamtazama Askofu. Askofu akasema, "Endelea, mtumishi wa Mungu. Tunajifunza."

Kiboko akapiga magoti tena. Akashika mguu wa kwanza. Vidole vya Kiboko mnavijua, na mguu wa Jongoo mnaujua. Akausugua, chwa! Na jongoo akiguswa kwa nguvu anafanyaje? Anajikunja! Pwichi! Akawa kama kifungo cha koti, akabingirika kutoka kwenye beseni, akaanguka vumbini.

"Bado mingapi?" akauliza Kiboko.

"Mia mbili na arobaini," akasema Pimbi. "Amechafuka. Anza upya."

Akaanza upya. Safari hii polepole. Mguu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akafika wa arobaini, harufu ya makande ikampitia puani, akahema, fuuuu! Jongoo akajikunja, pwichi! Akabingirika, vumbini.

"Bado mingapi?"

"Mia mbili na arobaini. Anza upya."

Sasa Pimbi akamgeukia Askofu, akasema kwa adabu, "Baba Askofu, chungu kinapoa, na Mwenyekiti ameahidi kwa herufi kubwa. Wajane waanze?"

"Kwa nini wanasubiri?" akasema Askofu. "Waanze."

Kiboko akafungua mdomo wote. Kila mtu akaona mpaka meno ya mwisho. Lakini Askofu alikuwa anamtazama, na Nyati alikuwa kichwani mwake. Akaufunga.

"Waanze," akasema. "Ila wapakulieni kidogo-kidogo..."

Fuuu! Pumzi hiyo ikamfikia Jongoo. Pwichi!

"Anza upya, Mwenyekiti."

Makande yakapakuliwa. Nje upawa unasema chaka! Ndani Kiboko anasema, "Wa kumi na tatu." Chaka! "Wa kumi na nne." Chaka! Mama Kanga akapata sahani iliyojaa mpaka maharage yanadondoka. Vifaranga wakainamisha vichwa, ko-ko-ko-ko, na yule mdogo aliyebebwa akanyanyua shingo, akalia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "Kwi!" Mama Kanga akacheka, akalia, akacheka. Pimbi alisikia ile kwi kutoka mbali, akajifanya anaandika.

Kiboko akajifunza. Alijifunza kushika mguu kwa ncha ya kidole. Alijifunza kuhemea pembeni. Alijifunza kuuliza, "Mzee, maji yana baridi?" na Jongoo akajibu, "Kidogo, Mwenyekiti," na Kiboko mwenyewe akaenda kuyapasha jikoni, akapita kando ya chungu bila kugusa. Huko Bondeni wanasema huo ndio muujiza pekee waliowahi kuuona.

Jua likaanza kushuka. Kiboko akafika mguu wa mia mbili na thelathini na tisa. Hapo Jongoo akaanza kutetemeka, na Kiboko akaogopa.

"Mzee, usijikunje, nakuomba. Nimekuumiza?"

"Hapana," akasema Jongoo. "Ni kwamba nina umri huu wote, na hakuna aliyewahi kunishika mguu isipokuwa kwa kuukanyaga."

Kiboko akaosha mguu wa mia mbili na arobaini, akaufuta kwa ncha ya taulo, akauweka chini polepole kama yai.

Chungu kilikuwa kitupu. Lakini Mama Kanga alikuja, amebeba sahani kwa mbawa mbili. Kiazi kitamu kimoja na ukoko wa makande.

"Kula, Mwenyekiti. Umefanya kazi toka asubuhi. Tulikuwekea."

Kiboko akala. Hakutumia sepetu. Akatafuna polepole, akameza, akasema, "Chumvi imekolea." Kisha machozi yakamtoka, na mpaka leo watu hawajakubaliana kama yalikuwa ya toba au ya njaa.

Hapo ingekuwa vizuri hadithi iishe, lakini Kiboko ni mwanamume, na mwanamume akifanya jema moja lazima atangaze. Akainuka akamwendea Askofu.

"Baba Askofu, sema ukweli. Nyati aliosha mia mbili na arobaini?"

Askofu Korongo akashangaa. "Nyati gani?"

"Nyati wa bonde la pili, aliyewaosha watu miguu."

"Nyati wa bonde la pili hajawahi kuosha hata ya kwake."

Kiboko akageuka kumtafuta Pimbi. Pimbi alikuwa ameshapanda juu ya mwamba, daftari kwapani.

"Katibu! Ulisema umesikia!"

"Nilisikia, Mwenyekiti!"

"Ulisikia kwa nani?"

"Nilikuwa nasema peke yangu njiani, nikasikia!"

Akaingia kwenye ufa wa mwamba, shwii! Na ndiyo maana mpaka leo pimbi anakaa kwenye mawe, na akisikia kishindo anaingia ndani. Kiboko naye akarudi mtoni na taulo zake mbili kiunoni, akakataa kuzivua. Mpaka leo anashinda majini mchana kutwa. Ukimwuliza anafanya nini, anasema anafanya mazoezi ya kuosha, asije Nyati akaanza kweli.

Hadithi inaaga, wababa!

— Iende salama!

Imeshiba!

— Ilikula tulichonacho!

Miguu yake je?

— ...

Mbona mmenyamaza? Mwanzoni mlisema mtaiosha.

Haya, mafunzo ya hadithi, maana Mzee Lukumbi ameshaangalia saa mara tatu. La kwanza, kiongozi mwenye akili asikubali mwanachama yeyote mwenye miguu zaidi ya minne. La pili, kabla hujatangaza unyenyekevu wako, tazama chini ya mabenchi. La tatu, ukitaka mwanamume afanye jambo la Kristo, mwambie jirani yake ameshalifanya. Hayo ndiyo mafunzo, msiniulize mengine, mimi si katekista.

Ila kabla sijaketi. Mzee Lukumbi, nasikia harufu ya kuku, na nasikia firigisi yako imetengwa kwenye bakuli lenye mfuniko, kama kila mwaka. Wapishi wako kule nyuma ya jiko, wamekuja alfajiri, hawajatia kitu mdomoni, na kama kila mwaka watakula kitakachobaki kikibaki. Beseni lile pale. Birika lile pale, maji nimeyapasha mwenyewe. Taulo hili hapa, moja litakutosha, wewe si mnene kiasi kile.

Na usihangaike kuhesabu, nimeshakuhesabia. Wapishi tuko tisa. Miguu kumi na minane tu.